Orodha ya Kazi katika Mstari wa Amri: Ufafanuzi kwa Mtafiti Anayeandika kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mtafiti anavyoweza kutunza orodha yake binafsi ya kazi kwa kutumia mstari wa amri wa kompyuta na faili moja la maandishi matupu. Mfano unaotumika ni utaratibu wa todo.txt ulioanzishwa na Gina Trapani mwaka 2006. Hoja kuu ni kwamba utaratibu huu humwezesha mtafiti kuziweka ahadi zake zote mahali pamoja, kwa maneno yake mwenyewe, katika umbo linaloweza kuulizwa maswali. Aidha, makala yanajadili matatizo yanayomkabili mtu anayeiandika orodha yake kwa Kiswahili, hususani ritifaa na unyambulishaji wa vitenzi.

1.0 Utangulizi

Katika mwaka wa pili wa masomo ya uzamivu nilikuwa na orodha nne za kazi. Moja ilikuwa katika daftari la uwandani, ya pili katika karatasi za rangi nilizozibandika ukutani, ya tatu katika programu ya simu, na ya nne, iliyokuwa ndefu kuliko zote, ilikuwa kichwani. Kila moja ilikuwa na sababu ya kuwapo. Daftari halihitaji umeme, simu haiachwi nyumbani, na ukuta huonekana kila asubuhi. Tatizo ni kwamba hakuna orodha hata moja iliyojua yaliyomo katika nyingine.

Gharama ya jambo hilo niliiona katika kijiji kimoja cha pwani ya Kilwa. Bibi mmoja alinisimulia ngano kwa siku tatu mfululizo, nami nikamwahidi kwamba nitamletea nakala ya sauti zake ili wajukuu wake wapate kuzisikiliza. Niliiandika ahadi hiyo katika ukurasa wa mwisho wa daftari. Niliporejea Dar es Salaam daftari lilikuwa limejaa, nikaanza jingine. Miezi kumi na minne baadaye nilikwenda tena kwa awamu ya pili ya ukusanyaji wa data. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaagiza niletewe chai, akaniuliza habari za safari na za wazazi. Nilipotoa kinasa sauti alitikisa kichwa. "Ninyi watu wa chuo mwachukua, mjukuu wangu," alisema. "Hamrudishi." Sikuwa na jibu.

Taratibu za maadili ya utafiti huzungumzia ridhaa ya mtoataarifa, usiri wake na mrejesho anaostahili kupewa. Fomu zote za mambo hayo nilikuwa nimezijaza ipasavyo. Nilichokosa ni mahali ambapo ahadi iliyotolewa barazani ingekaa mpaka itimizwe, na ambapo ningelazimika kuiona kila nilipoketi kufanya kazi. Mahali hapo ndipo panapojadiliwa na makala haya.

2.0 Maandishi Matupu na Mstari wa Amri

Mstari wa amri ni njia ya kuwasiliana na kompyuta kwa kuiandikia maagizo badala ya kubofya picha kwa kipanya. Mtumiaji huandika amri, hubonyeza kitufe cha kuingiza, na kompyuta hujibu kwa maandishi. Programu inayoyapokea maagizo hayo huitwa sheli, jina ambalo kwa msomaji wa Tanzania huleta taswira ya kituo cha mafuta. Hapa lina maana ya gamba linaloufunika mfumo endeshi. Sheli inayotumika katika mifumo mingi ya Linux ni Bash, iliyoandikwa na Brian Fox na kutolewa mwaka 1989.

Desturi yenyewe ni ya zamani zaidi. Chimbuko lake ni mfumo wa Unix, ambao Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao walianza kuutengeneza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani. Mfumo huo ulijengwa kwa programu ndogo ndogo, kila moja ikiwa na kazi yake moja. Mwaka 1973, kwa msukumo wa Doug McIlroy, uliongezewa uwezo wa kuziunganisha programu hizo mithili ya mabomba ya maji, ili kinachotoka katika moja kiingie katika nyingine. Nyingi kati ya programu hizo huchukulia mstari kuwa ndicho kipashio cha msingi. Programu ya grep hutafuta mistari yenye herufi zilizotajwa, sort huipanga, na wc huihesabu. Mwanaisimu hatashangaa kusikia hivyo, kwani naye hawezi kuanza uchambuzi kabla ya kuamua kipashio chake ni kipi.

Utaratibu wa todo.txt umejengwa juu ya kipashio hicho hicho: kazi moja, mstari mmoja. Trapani hakubuni hifadhidata wala muundo wa siri. Aliweka kanuni chache za kuandika mstari wa kazi ndani ya faili la kawaida, na programu fupi ya Bash iitwayo todo.sh ya kulisomea na kulihariri faili hilo. Mtu asiyekuwa na programu hiyo bado anaweza kulifungua faili kwa kihariri chochote na kusoma kila neno. Sifa hii nilikuwa naidharau mpaka pale wamiliki wa programu ya simu niliyokuwa naitumia walipoibadilisha, na orodha yangu ya zamani ikakataa kufunguka.

Kwa hakika, hata todo.sh si ya lazima. Anayetaka kuonja tu anaweza kuandika:

echo "Piga chapa fomu ya maombi @maktaba" >> kazi.txt

na mstari huo utaongezwa mwishoni mwa faili liitwalo kazi.txt. Ni muhimu alama mbili zilizo katikati ziwe mbili kweli. Ikiwekwa moja tu, kompyuta itafuta yote yaliyokuwamo na kuacha mstari huo mmoja peke yake, na haitauliza kwanza. Kwa sababu hii peke yake nampendekezea anayeanza atumie todo.sh.

3.0 Muundo wa Mstari

Mstari ufuatao umo katika orodha yangu:

(A) 2023-06-05 Peleka nakala ya sauti kwa K07 +ahadi @Kilwa mwisho:2023-07-31

Herufi kubwa iliyo ndani ya mabano ni kipaumbele. Inaweza kuwa yoyote kati ya A na Z, lakini sharti ikae mwanzoni kabisa mwa mstari na ifuatiwe na nafasi. Tarehe inayofuata ni siku kazi ilipoandikwa. Baada yake huja maelezo ya kazi kwa lugha yoyote. Neno linalotanguliwa na alama ya kujumlisha hutaja mradi, yaani jambo kubwa ambalo kazi hiyo ni sehemu yake. Neno linalotanguliwa na @ hutaja muktadha, yaani mahali, chombo au mtu anayehitajika ili kazi ifanyike. Mwishoni kuna jozi ya neno na thamani iliyounganishwa kwa nuktambili bila nafasi. Watumiaji wengi huandika neno la Kiingereza hapo; kanuni hazilazimishi, nami hutumia "mwisho".

Tarehe huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kinyume cha mazoea yetu. Sababu ni ya kiufundi na inafaa kujulikana: kompyuta inapopanga mistari kwa kufuata herufi na tarakimu, tarehe zilizoandikwa hivyo hujipanga pia kwa kufuata wakati.

Kazi inapokamilika, mstari hutanguliwa na herufi ndogo x na tarehe ya kukamilika. Programu huuondoa kipaumbele, kwa kuwa hakina kazi tena, kisha mstari huhamishiwa katika faili la pili liitwalo done.txt. Faili hilo la pili hupuuzwa na wengi. Mimi hulifungua kila ninapoandika ripoti ya maendeleo kwa msimamizi, kwa maana linanieleza nilichofanya, na kwa siku ipi, bila kutegemea kumbukumbu yangu ambayo ina desturi ya kunipendelea.

4.0 Kuiuliza Orodha

Amri nne zinatosha kwa miezi ya mwanzo. Amri ya todo.sh add huongeza kazi, todo.sh ls huonesha orodha, todo.sh pri huweka kipaumbele, na todo.sh do hukamilisha. Hizi mbili za mwisho huhitaji namba ya mstari, kwa mfano todo.sh do 12. Namba si jina la kudumu la kazi. Faili linapohamishwa mistari iliyokamilika, namba za mistari iliyobaki hubadilika, na ile iliyokuwa 12 asubuhi inaweza kuwa 11 jioni. Nimewahi kuikamilisha kazi ya kulipa ada ambayo sikuwa nimeilipa. Tangu hapo huonesha orodha kwanza, kisha ndipo nakamilisha.

Amri hizi ni za Kiingereza, lakini si lazima zibaki hivyo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi yenye menyu za Kiswahili, na kazi hiyo ilihitaji kundi la wataalamu. Katika mstari wa amri, mtu mmoja anaweza kujitafsiria kwa dakika mbili. Huongeza mistari hii katika faili la mipangilio liitwalo .bashrc:

alias ongeza='todo.sh add'
alias orodha='todo.sh ls'
alias tayari='todo.sh do'

Tangu hapo kompyuta itaitii amri ya "ongeza" sawasawa na ile ya awali. Mifano inayofuata inatumia maneno haya.

Nguvu ya orodha iko katika maswali. Nikiwa ninafunga mkoba wa safari huandika orodha @Kilwa, na kazi zote zinazoweza kufanyika Kilwa pekee hujitokeza, ziwe za sura ya nne, za kifamilia au za kulipa deni dukani. Nikiandika orodha +ahadi -@Kilwa napata ahadi zote isipokuwa zile za Kilwa, kwa kuwa alama ya kutoa huficha. Nikiandika orodha mwisho:2023-07 napata kila kinachoisha mwezi Julai wa mwaka huo. Katika mfano huu wa mwisho programu haijui kwamba hiyo ni tarehe. Inalinganisha herufi kwa herufi, basi.

Ulinganishaji huo wa herufi humfaa mtumiaji wa Kiswahili kuliko anavyoweza kutarajia. Kitenzi cha Kiswahili hubeba viambishi mbele na nyuma ya mzizi, na anayetafuta neno zima atakosa mengi. Anayetafuta mzizi hupata. Amri ya orodha pelek huleta "peleka", "apelekewe" na "kupelekwa" kwa pamoja. Hata hivyo, mizizi mingine hubadilika inaponyambuliwa. Ukitafuta kumbuk utaipata "kumbuka" na kuikosa "kumbusha". Inafaa kukata mapema zaidi na kutafuta kumbu. Vitenzi vya silabi moja, kama kula na kufa, havitafutiki kwa njia hii, kwa sababu mzizi wao ni konsonanti moja iliyotapakaa katika faili zima.

5.0 Ritifaa na Alama Nyingine

Siku ya pili ya kutumia utaratibu huu niliandika:

ongeza Kagua unukuzi wa neno ng'ombe

Nikabonyeza kitufe cha kuingiza. Kompyuta haikuongeza kitu wala haikulalamika. Ilionesha alama > na kutulia. Nilidhani imekwama, nikaifunga.

Haikuwa imekwama. Ilikuwa inangoja. Kwa sheli, ritifaa ni alama ya kufungulia nukuu, na kila kinachofuata ni sehemu ya nukuu mpaka ritifaa nyingine ionekane. Neno ng'ombe lina moja tu, hivyo sheli ikadhani sentensi haijaisha. Njia ya kutoka hapo ni kubonyeza Ctrl na C kwa pamoja.

Hali huwa mbaya zaidi zinapokuwapo ritifaa mbili, kwa kuwa hapo hakuna dalili yoyote. Ukiandika ongeza Linganisha ng'ombe na ng'ambo, sheli huona nukuu iliyofunguliwa na kufungwa vizuri, huzichukua alama zake, na kuandika katika faili "ngombe na ngambo". Mstari umeingia, lakini umepotoka. Kwa mtu anayefanya utafiti wa fonolojia hili si dogo: ng'oa na ngoa si neno moja, na orodha inayofuta tofauti hiyo kimyakimya itamrudisha kazini siku nyingine akiwa na swali lisilo sahihi.

Zipo alama nyingine zinazotuhusu. Kinyota, ambacho wanaisimu hukitanguliza kuonesha tungo isiyokubalika kisarufi, kwa sheli humaanisha majina ya mafaili yanayofanana na kinachofuata. Mabano yasiyo ndani ya nukuu huleta kosa la kisintaksia. Alama ya reli, ikianza neno, huifanya sheli ipuuze yote yaliyosalia katika mstari.

Tiba ya kwanza ni kuweka kazi yote ndani ya alama za nukuu mbilimbili. Tiba niliyoizoea ni rahisi zaidi: andika ongeza peke yake, bonyeza kitufe cha kuingiza, na programu itakuuliza uandike kazi. Unachoandika baada ya hapo hakipitii kwa sheli, na ng'ombe hubaki ng'ombe. Onyo moja la nyongeza ni kwamba programu za kuandikia tasnifu hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Mstari ulionakiliwa kutoka huko utaonekana sawa machoni, lakini ukiutafuta kwa ritifaa ya kibodi hautaupata.

6.0 Maneno ya Kazi

Kufikia hapa msomaji anaweza kudhani kwamba ugumu uko katika amri. Kwa uzoefu wangu, amri huzoeleka ndani ya juma moja, na ugumu unaobaki ni wa uandishi.

Orodha yangu ya kwanza ilikuwa na mistari kama "Sura ya tatu", "Msimamizi" na "Kilwa". Mistari hiyo ni nomino tupu. Kila nilipoisoma nililazimika kufikiri upya nilikusudia nini, na kwa kuwa kufikiri huko kulichosha, niliiruka na kufanya jingine. "Sura ya tatu" ilikaa miezi minne. Siku nilipoiandika upya kuwa "Hamisha jedwali la wasimulizi kutoka sura ya tatu kwenda kiambatisho", ilifanyika kabla ya chakula cha mchana. Tangu hapo kila mstari wangu huanza na kitenzi cha kuamuru, na kitenzi hicho sharti kitaje tendo ambalo mtu anayenitazama angeweza kuliona. "Peleka", "piga", "nukuu" na "futa" vinafaa. "Shughulikia" na "fuatilia" ni maneno ya vikao.

Utafiti wa kisaikolojia unaliunga mkono jambo hili kwa kiasi. Mwaka 1927 Bluma Zeigarnik alichapisha utafiti ulioonesha kwamba watu hukumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko walizomaliza. Majaribio ya baadaye hayakupata matokeo hayo kila mara. Mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionesha jambo linalotuhusu zaidi, kwamba usumbufu wa malengo yasiyotimizwa hupungua mtu anapoyawekea mpango mahususi, hata kabla hajayatimiza. "Msimamizi" si mpango. "Mwombe msimamizi tarehe ya kukutana kuhusu maoni ya sura ya pili @simu" ni mpango.

Tarehe ya kuandikwa nayo ina sauti yake. Kila Ijumaa alasiri huipitia orodha yote kuanzia mstari mkongwe. Kazi iliyokaa miezi mitatu huwa na mojawapo ya kasoro mbili: ama imeandikwa vibaya, ama sina nia ya kuifanya. Ya kwanza naiandika upya. Ya pili naifuta, isipokuwa kama ina alama ya +ahadi, kwa sababu hiyo si yangu peke yangu kuifuta. Hapo itanibidi nimpigie simu niliyemwahidi.

7.0 Mipaka ya Utaratibu

Faili la maandishi halipigi kengele. Miadi yenye saa maalumu bado naiweka katika simu. Zipo programu za mstari wa amri zinazofanya mengi zaidi. Taskwarrior, kwa mfano, hukokotoa udharura wa kila kazi kutokana na tarehe ya mwisho, kipaumbele na umri wake. Niliitumia kwa muda nikaiacha, kwa kuwa nilijikuta nikirekebisha mizania ya ukokotozi huo badala ya kufanya kazi. Mwingine anaweza kuwa na nidhamu kuliko mimi.

Suala la usiri ni zito zaidi. Maandishi matupu husomeka na yeyote aliyeishika kompyuta, na kompyuta za wanafunzi huazimwa. Kwa hiyo majina ya watoataarifa hayamo katika orodha yangu. K07 ni msimbo, na jedwali la misimbo limehifadhiwa kwingine kwa nywila. Nakala ya akiba ya faili lenyewe huiweka katika diski mweko kila Ijumaa baada ya mapitio. Ni dogo kiasi kwamba kisingizio cha nafasi hakipo.

Uwandani siendi na mstari wa amri. Kufungua kompyuta mbele ya mzee anayesimulia ni utovu wa adabu, na mara nyingi umeme haupo. Huko natumia daftari lile lile la zamani, ila nimelipa kanuni moja: ahadi yoyote naiandika katika ukurasa wa kulia peke yake, na usiku, kabla ya kulala, naihamishia katika faili na kuikata kwa kalamu nyekundu. Ukurasa wa kulia wenye mstari usiokatwa haufungwi.

Mstari wa K07 sasa umo katika done.txt, na husomeka hivi:

x 2023-07-18 2023-06-05 Peleka nakala ya sauti kwa K07 +ahadi @Kilwa mwisho:2023-07-31

Bibi alizisikiliza ngano mbili, akacheka mahali alipokuwa amekosea wimbo, akasema nizime. Hakunisimulia nyingine siku hiyo. Nilipoaga, mjukuu wake mkubwa alinisindikiza hadi barabarani, akaomba nakala ya ndugu yake aliyeko Lindi. Usiku ule niliongeza:

2023-07-18 Tengeneza nakala ya pili ya sauti za K07 kwa mjukuu aliyeko Lindi +ahadi @nyumbani